Naomba ushauri: kuuliza kuhusu askari wetu nje ya nchi

Habari zenu wakuu. Nipo Nkuhungu, Dodoma, fundi cherehani. Siasa sikuzijali hadi Desemba 2017, wanajeshi wetu walipouawa Semuliki, Kongo. Babu alipigana vita ya Kagera; akichua goti lake jioni husema, "Sisi tulivamiwa. Hawa je?" Sina jibu.

Nimesoma Katiba, Ibara ya 44: Rais akitangaza vita, Spika huitisha Bunge ndani ya siku 14. Kulinda amani nje sijaona pakitajwa. Ofisi ya mbunge nimekwenda mara mbili, nikaambiwa niandike barua (bungeni kwenyewe napaona kila siku nikipita na daladala!).

Je, uamuzi wa kupeleka askari nje unapitia wapi? Na barua niiandikeje iwe swali bungeni, nisionekane mchochezi?