Je, umri wa mwandishi huzuia mswada wake kuchapishwa?

Mstaafu wa Reli (Tabora)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina umri wa miaka 63, na kazi yangu ya maisha ilikuwa reli, hapa hapa Tabora. Tangu nistaafu nimekuwa nikiandika riwaya katika kaunta buku, na sasa imekamilika. Inahusu wapanga mabehewa wa stesheni hii, ambako treni itokayo Dar es Salaam hukatwa, mabehewa mengine yakaelekea Mwanza na mengine Kigoma, huku abiria wengi wakiwa wamelala na hawajui kwamba jirani zao wa tangu Morogoro wameshachukua njia nyingine.

Binti wa steshenari ananichapia kwa kompyuta. Juzi, nilipokuwa nikisahihisha kurasa zangu palepale kaunta, kijana mmoja aliyekuja kutoa fotokopi aliniambia kwamba wachapishaji wa siku hizi wanawatafuta vijana wenye wafuasi wengi mitandaoni, na kwamba mtu wa rika langu hana njia ila kuchapisha mwenyewe kwa kiinua mgongo chake. Hakusema kwa dharau, na ndiyo maana maneno yake yamenikaa.

Naomba kuelimishwa. Je, ni kweli kwamba mchapishaji hutazama umri kabla ya kutazama mswada? Je, niutaje umri wangu katika barua? Na hilo la kiinua mgongo lina busara yoyote?

Kalamu Nyekundu (Ujiji, Kigoma)

Shikamoo mzee wangu. Nimefanya kazi ya uhariri Dar es Salaam kwa muda mrefu kabla ya kurudi nyumbani Ujiji, kwa hiyo nitasema ninachokijua kutoka upande wa pili wa meza.

Mswada unapoingia ofisini, mhariri husoma kurasa chache za mwanzo, na hapo huamua kama ataendelea au ataurudisha kwenye rundo. Katika kurasa hizo anatafuta sauti inayojiamini, mazungumzo yanayofanana na ya watu, na dalili kwamba mwandishi anajua anakokwenda. Tarehe ya kuzaliwa haimo. Swali linalofuata ni la fedha: kitabu kitagharimu kiasi gani kuhaririwa, kupangwa kurasa na kupigwa chapa, na nani atakinunua? Soko kubwa la vitabu katika nchi yetu ni shule, na riwaya isiyosomwa shuleni huuzwa polepole hata kama mwandishi wake ni kijana mwenye sura ya kupendeza jaladani. Mchapishaji anayekataa riwaya nzuri kwa kawaida ameogopa hesabu hiyo.

Ukitaka mifano, ipo. Muhammed Said Abdulla alizaliwa 1918, akashinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957 na 1958 akiwa na umri wa karibu miaka 40, na riwaya iliyoshinda ikachapishwa 1960. Adam Shafi, aliyezaliwa 1940, alitoa riwaya yake ya kwanza 1978. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987, na Tuzo ya Nobel ikamfikia 2021 akiwa na miaka 72. Nje ya kwetu yupo Frank McCourt, mwalimu mstaafu wa New York, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka 1996 akiwa na miaka 66.

Kuhusu kiinua mgongo, nakusihi usikiguse. Nimeona nyumba ambazo maboksi ya vitabu yamegeuzwa meza ya kuwekea redio.

Binti wa Urambo

Shikamoo mzee, na shikamoo mhariri. Nakubaliana na ushauri wa fedha, lakini mifano hiyo inanipa wasiwasi, kwa sababu tunawataja waliofika na kuwasahau ambao miswada yao haikutoka kamwe. Isitoshe, Gurnah mwenyewe amesema alianza kuandika akiwa na miaka 21, mgeni nchini Uingereza. Kwa hiyo riwaya ya 1987 ilitanguliwa na miaka mingi ya kuandika, na Muhammed Said Abdulla naye alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kushinda. Mimi naona kinachohesabika ni muda ambao mtu ameutumia kuandika na kufuta, na muda huo unaweza kuanza ukiwa na miaka 15 au 55.

Tusidhani pia kwamba vijana wamefunguliwa mlango. Mimi nina miaka 24, na nimewahi kuambiwa kwamba hadithi yangu ni nzuri ila nisubiri nikomae. Hakuna aliyeniambia ni ukurasa gani ambao haujakomaa! Wakati huo huo, Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma mwaka 1958, riwaya zake za upelelezi zilikuwa zimekwisha kupata wasomaji wengi kabla hajafikisha miaka 30.

Hata hivyo, yule kijana wa steshenari hakukosea kabisa. Baada ya kitabu kutoka, mwandishi hutarajiwa kukitembeza: shuleni, redioni, kwenye maonesho ya vitabu na mitandaoni. Kazi hiyo inahitaji miguu na nauli, na mwandishi aliye Tabora, awe mzee au kijana, yuko mbali na maduka makubwa ya vitabu. Kwangu mimi umbali huo ni kikwazo kikubwa kuliko umri.

Mwalimu wa Kasulu

Mzee, shikamoo. Mimi naona umri una uzito mahali pamoja ambapo wenzangu hawajapagusa, nako ni kwenye mkataba.

Mswada unaweza kukaa kwa mchapishaji miezi mingi kabla ya jibu, na ukikubaliwa unaweza kupita mwaka au zaidi kabla ya kitabu kutoka. Mrabaha, yaani sehemu ya mauzo ambayo mwandishi hulipwa, na ambao mara nyingi huzunguka asilimia 10, kwa kawaida hulipwa mara moja kwa mwaka. Kwa mtu wa miaka 25 hayo ni maudhi tu, lakini kwa mtu wa miaka 63 ni jambo la kupanga na familia. Hakimiliki kwa sheria ya Tanzania hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo jina la mrithi na namna atakavyolipwa viandikwe waziwazi, na nakala ya mkataba ikae mahali ambapo watoto wanapajua. Kitabu huweza kutoka mwandishi akiwa hayupo: Shaaban Robert alifariki 1962, na riwaya yake Utubora Mkulima ikachapishwa 1968. Usikubali pia kifungu kinachompa mchapishaji haki zote milele bila kumlazimisha kukitoa kitabu ndani ya muda uliotajwa. Kwa upande wa pili, aliye chini ya miaka 18 hawezi kujifunga kwa mkataba peke yake, kwa hiyo huko ndiko sheria inakouliza umri.

Mashindano nayo yasikupite. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kundi la riwaya. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili kutoka kwa yeyote aliyefikisha miaka 18, bila ukomo wa juu, na kiingilio ni bure. Sura moja ya riwaya yako huenda ikasimama yenyewe kama hadithi fupi.

Mstaafu wa Reli (Tabora)

Marahaba wanangu, na asanteni sana. Kiinua mgongo kitabaki kilipo. Mama watoto amefurahi kuliko mimi. Limebaki lile la barua: je, niutaje umri au niuache?

Kalamu Nyekundu (Ujiji, Kigoma)

Uache, mzee, lakini taja kazi. Sema katika sentensi moja kwamba ulifanya kazi reli hapo Tabora, na kwa miaka mingapi, kwa sababu hilo linamweleza mhariri kwa nini riwaya hii umeiandika wewe. Kisha muhtasari wa ukurasa mmoja wenye mwisho wa kisa ndani yake, bila kumficha mhariri chochote, na sura tatu za mwanzo. Kurasa ziwe na namba, na kaunta buku zenyewe zisitoke nyumbani kwako.