Mjadala: Kumsema mtu mnene kunamsaidia apungue, au kunamkomoa tu?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Tangu mahojiano ya Profesa Mohamed Janabi, yule daktari bingwa wa moyo wa Tanzania, kuhusu sukari, wanga na kufunga yasambae kwenye simu zetu, kila mtu mtaani kawa mtaalamu wa lishe. Mahojiano sina shida nayo. Shida yangu ni hoja iliyozaliwa pembeni: kwamba tunabembelezana mno, mnene asemwe mpaka aone aibu, ndipo atapungua.

Mnene gani hajui kwamba ni mnene? Konda anamwambia ("bonge, sogea, hiyo siti ya watu wawili"), fundi nguo anamwambia, shemeji naye anamwambia mbele ya sahani ya pilau. Akianza kupungua, walewale wanarudi: "Mbona umekwisha hivyo? Unaumwa? Mumeo anakutesa?" Tulishazoea kuona kukonda ni ugonjwa, na hofu ile haijatutoka. Halafu mwanaume mwenye kitambi anaitwa bosi, dada yake mwenye kilo zilezile anaulizwa nani atamuoa.

Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2014 matokeo ya watu wazima 2,944 waliofuatiliwa kwa miaka 4 huko Uingereza. Waliosema wamebaguliwa kwa sababu ya unene waliongezeka karibu kilo 1 kwa wastani. Wale ambao hawakusema hivyo walipungua kama gramu 700. Hiyo haithibitishi kwamba maneno ndiyo yaliyowanenepesha, ila kuwakondesha hayakuwakondesha.

Linganisheni na jaribio la kuzuia kisukari lililochapishwa Marekani mwaka 2002. Watu wenye uzito mkubwa, sukari imeanza kupanda, walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hata kutembea tu. Kila mmoja alikuwa na mshauri wa kukaa naye. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na ushee. Shemeji hawezi hata kuziona! Ndiyo maana nasema sababu ya kupungua itoke kwenye sukari, presha, magoti na pumzi za kupandia ngazi. Macho ya watu hayana kipimo.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeongea vizuri ila mimi napingana nawe. Mimi nilibadilika kwa hofu. Daktari alinitazama akasema, "Baba, kwa presha hii kiharusi hakiko mbali." Siku hiyo kitimoto cha usiku kiliisha. Angenibembeleza ningekuwa bado nipo kwenye kona ya nyama choma.

Mleta mada

Kaka, huyo alikuwa na mashine ya presha mkononi mwako, mlango umefungwa, na bila shaka alikupa tarehe ya kurudi. Huko sikupingi hata kidogo. Mimi nazungumzia kundi la ukoo la WhatsApp, mtu anawekewa picha yake ya harusini na alama za kucheka.

Mchangiaji wa pili

Nyote mnaongea kama mnapika wenyewe. Ushauri wa "acha ugali, kula samaki na parachichi" unampata mwenye hela. Kwangu tuko sita, sufuria moja. Nijipikie changu watoto waangalie? Nilichofanya ni kugeuza mpangilio wa kupakua: mchicha na maharage kwanza, nafasi inayobaki ndiyo ya ugali. Chai sukari nimeacha. Mume wangu hakugundua chochote mpaka mwisho wa mwezi alipokuta sukari bado ipo kwenye kopo. Mzani sina, gauni la kitenge ndilo linaniambia.

Na wale wadada wa chai za kukata tumbo mtuhurumie. Nyingine zina sanamaki, unashinda chooni, kinachotoka ni maji, ukinywa maji uzito unarudi.

Mleta mada

Dada, hilo la kupakua nalichukua. Sasa nawauliza akina baba mliokaa kimya: kitambi chako kikisifiwa kazini kila siku, ulipata wapi sababu ya kukipunguza? Na nyumbani walikuelewa, au walidhani umefukuzwa kazi?