Magari 7 ya kale, kilomita 400 kwenda kwenye maonyesho: tupange vipi msafara?

404 Nyeupe (ameuliza)

Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu kimekubaliana kwamba safari hii magari yatatembea yenyewe hadi kwenye maonyesho ya magari ya kale, hakuna kupakia kwenye lori. Ni kama kilomita 400. Kuna Peugeot 404 yangu ya 1968, Beetle ya 1963, Land Rover Series II, Morris Minor, Datsun 1200 na Mercedes W123 mbili, zote 240D.

Ubishi umeanzia kwenye mwendo. Wenye Mercedes wanataka 100 kwa saa ili tuwahi nafasi nzuri ya kuegesha. Wengine wanasema kila mtu ajiendee, tutakutana huko huko. Mimi moyo wangu unataka twende pamoja, ila sijui nani akae mbele, nani nyuma, na nani abebe nini. Kikao ni kesho jioni, naombeni ushauri.

Dereva wa Zamu

Magari 7 yakifuatana ni ukuta. Anayetaka kuwapita hana pa kuingilia, ataishia kuyapita yote kwa mkupuo, na hapo ndipo ajali inapotokea. Gaweni makundi mawili yaliyoachana kwa kilomita moja hivi. Ndani ya kundi, kila gari liache nafasi ya gari jingine kuingia.

Mkia wa Msafara

Mkuu, hilo la makundi mawili lichukue. La kila mtu kujiendea likatae kabisa. Mimi kwenye misafara nakaa nyuma ya wote, na gari la vifaa, na naona kila linalotokea. Gari la kale likizimika peke yake, mwenyewe anahangaika muda mrefu na kitu ambacho wenzake wawili wangekimaliza kwa dakika chache.

Kuhusu nani atangulie: watu hupanga kwa mwendo, mimi napanga kwa breki. Land Rover yenu na Morris zina breki za drum (ngoma), hafifu kuliko za diski, magurudumu yote manne, na nguvu yote inatoka kwenye mguu wa dereva. W123 ina diski mbele na nyuma. Mercedes ikiwa mbele ya Morris na mtu akakatiza barabara, Mercedes itasimama, Morris itamalizia safari kwenye buti lake. Kwa hiyo breki dhaifu mbele, breki kali nyuma. Kundi la kwanza Land Rover, Morris na Mercedes moja. La pili Beetle, Datsun, 404 na Mercedes nyingine, ambayo ndiyo iwe gari la vifaa: ina nafasi, na dizeli haina pointi wala kondensa (vipuri vya kutoa cheche kwenye injini ya petroli) za kuisumbua.

Mwendo ataamua Land Rover: 70, sana sana 75. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 inavuta vizuri, lakini gia zake ni fupi, na ukiilazimisha kufika 100 unaitesa bure. Tokeni mara kunapopambazuka, mtafika mchana. Msipange kuingia usiku, kwa sababu Beetle ya 1963 ina umeme wa volti 6 na taa zake hazitamtosha dereva.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana umeme ndio unaoharibu safari za magari mchanganyiko. Betri ya Beetle ikiisha, mtu asije na waya kutoka kwenye Mercedes ya volti 12. Isukumeni. Land Rover nayo, kama haijabadilishwa, ni chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume na Mercedes. Kuibusti inawezekana, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, lakini bodi za magari hayo mawili zisigusane hata kwa bampa, cheche zake si za mchezo. Kesho kwenye kikao kila mtu aandike karatasi aibandike chini ya boneti: volti ngapi, na upande upi wa betri umekwenda bodi. Atakayekuja kusaidia huenda hajawahi kuliona gari hilo.

Kituo cha kwanza kiwe mapema, kilomita 25 au 30 tu, kwa sababu gari lenye tatizo hulionyesha likishapata moto. Baada ya hapo kila kilomita 80 hivi. Mkisimama, kabla mtu hajafungua chupa ya maji, azunguke magurudumu manne. Mgongo wa kiganja, usoni mwa rimu, karibu bila kugusa. Unalinganisha kushoto na kulia. Likiwa moja linakuunguza na mwenzake ni vuguvugu, ama breki imeng'ang'ania ama beringi inakufa. Breki iliyoshika utaisikia hata kwa pua, ina harufu kali inayokwama kooni. Mimi hii siiruki hata kama mvua inanyesha.

404 na Morris zikisimama na injini ya moto, inueni boneti. Pampu ya petroli ya 404 iko ubavuni mwa injini, ya Morris ni ya umeme ndani ya chumba cha injini, na joto hupanda zaidi injini ikishazimwa. Petroli ikichemka kwenye bomba gari halitawaka mpaka lipoe. Mpira wa petroli wa miaka mingi ubadilisheni sasa hivi, hasa kama petroli mnayotumia ina ethanoli, inaila mipira ya zamani. Mwenye Beetle aelewe kwamba taa nyekundu ya dainamo ni amri ya kusimama. Mkanda ule ule ndio unaozungusha feni ya kupoza injini, ukikatika injini inaungua. Abebe mkanda na spana yake, na chombo cha kuzimia moto kikae karibu na mkono wake. Hilo la chombo ni kwa magari yote.

Mafuta ya breki yabadilishwe kabla ya safari. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya unyevu inashuka hadi 140 hivi, na kwenye mteremko mrefu pedali inakwenda chini bila kushika.

Njiani, ndani ya kila kundi, kila dereva amtazame aliye nyuma yake kwenye kioo. Usipomwona, punguza. Bado humwoni, simama mahali salama. Aliye mbele yako atakukosa naye atasimama, na kundi lote litasimama pamoja bila mtu kushika simu.

Kutengeneza njiani msikuogope. Bertha Benz alipotoka Mannheim kwenda Pforzheim mwaka 1888 na wanawe wawili, alizibua bomba la petroli kwa pini ya kofia, na breki zilipolika akamwita fundi viatu azipigilie ngozi.

240D ya Bluu

Mimi ndiye mmoja wa wenye Mercedes. Hoja ya breki imenishinda, nakubali kukaa nyuma. Lakini nafasi ya kuegesha je? Tukichelewa tutatawanywa, na tulitaka magari yasimame safu moja.

Mkia wa Msafara

Hilo ni la haki kabisa, kaka. Andikeni mapema kwa waandaaji kwamba mnakuja kama kikundi, magari 7, na muda mtakaofika. Safu inapangwa kabla, si getini.

404 Nyeupe

Asanteni sana. Leo nimepita kukagua matairi. Ya Morris yameandikwa 0911. Mwenyewe anasema hayajatembea sana na mistari ya tairi bado ina kina.

Mkia wa Msafara

Hiyo ni wiki ya 9 ya mwaka 2011. Mpira huzeeka hata gari likilala ndani. Mwambie akunje ubavu wa tairi aangalie nyufa, na asiache kuangalia spea. Mimi kwa tarehe hiyo nisingemruhusu aingie kwenye msafara. Anunue manne mapya, na ayatembeze kidogo kabla ya siku yenyewe.