Kijana wa miaka 14 hataki kusoma: nipeni riwaya nyepesi zisizo za kitoto

Mama_wa_Mmoja

Wadau, habari zenu. Nina kijana wa miaka 14. Si kwamba hajui kusoma. Ujumbe wa simu anaumaliza mimi bado natafuta miwani, na maelezo ya michezo yake ya kompyuta anayachambua mpaka nukta ya mwisho. Ila mpe kitabu uone, utadhani umemletea mwarobaini.

Miezi miwili iliyopita nilimnunulia riwaya nene, kurasa mia nne na ushei, kila mtu anaisifia. Nikajisemea, hii ndiyo itamfungua. Wiki jana naingia chumbani kwake, nakuta kitabu kimesimama wima juu ya meza. Moyo ukanipaa kwa furaha. Kusogea karibu, kumbe amekiegemezea simu, anatazama video. Kipande cha karatasi alichowekea alama kilikuwa ukurasa wa 11.

Nikageukia upande wa pili, nikamletea vile vyembamba vyenye maandishi makubwa na picha za sungura. Hapo nilimtukana bila kujua. "Mama, hiki ni cha watoto wadogo." Akanirudishia kwa ncha za vidole viwili.

Natafuta riwaya ambayo lugha yake haimchoshi, lakini mambo yaliyomo yanamfaa mtu aliyeanza kuota ndevu. Kiswahili au Kiingereza, vyote anasoma. Na jamani, msiniambie nimnyang'anye simu. Nilishamnyang'anya. Nikabaki na kijana asiye na simu na asiyesoma.

Mkutubi_Mstaafu

Dada, nusu ya jibu unayo tayari. Wepesi wa lugha ni jambo moja, utoto wa kisa ni jambo jingine, na wanunuzi wengi wa vitabu huyachanganya. Nimekaa kwenye meza ya maktaba ya shule miaka 22. Waliokuja kuniambia "nipe chembamba kuliko vyote" walikuwa wengi kuliko waliokuja wakiwa na jina la kitabu mdomoni. Sikumfukuza hata mmoja.

Kabla sijataja kitabu, fanya hivi. Mwombe akusomee ukurasa mmoja kwa sauti, ila asijue kwamba unampima. Mwambie miwani imepotea (kwa unavyosema, hatashangaa). Sikiliza. Kama anapoteza mstari, anaruka vineno vidogo, au anaona herufi mbili za mwanzo kisha anabahatisha neno zima, usimwite mvivu. Huenda ni macho, huenda ni disleksia, ule ugumu wa kusoma maneno usiotokana na uvivu, na hapo atafutiwe mtaalamu ampime kabla hujatumia hela kwenye riwaya. Lakini kama anateleza vizuri, ila kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, basi kusoma anaweza, ni hivyo visa tu havijamkamata.

Kitabu nacho kipimwe. Kifungue katikati. Usifungue mwanzo, maana mwanzoni waandishi huvaa nguo za sikukuu. Asome ukurasa mmoja, na kila neno asilolijua akunje kidole. Ngumi ikikamilika kabla ya ukurasa kwisha, kirudi rafuni. Vidole viwili au vitatu havina neno.

Mimi nikiwachagulia vijana wa aina hiyo nilianza na umri wa mhusika mkuu. Awe sawa na msomaji au amzidi mwaka mmoja au miwili, kwa sababu kijana wa miaka 14 atasoma habari za wa 16 kwa hamu, za wa 11 hazigusi. Halafu natazama kurasa tatu za kwanza: kuna kitu kimetokea, au bado tunaelezwa hali ya hewa? Sura ziwe fupi, ili akisema "nasoma moja tu nalala" imalizike kweli. Msimulizi mmoja, na muda usirukeruke mbele na nyuma. Mambo ya bibi aliyekumbuka jinsi mama yake alivyokumbuka yasubiri. Na msidharau jalada. Nilikuwa na riwaya nzuri ajabu ambayo haikuazimwa mwaka mzima kwa sababu ya katuni ya paka iliyochorwa mbele. Nikaivalisha karatasi nyeusi tupu, bila hata jina. Ikaanza kugombaniwa.

Kwa Kiingereza wapo wachapishaji ambao hiyo ndiyo kazi yao. Barrington Stoke, walioanzia Edinburgh, wako kwenye shughuli hii tangu miaka ya 1990: karatasi ya rangi ya maziwa mazito badala ya nyeupe inayochoma macho, herufi zilizoachiana nafasi, na umri wa kisa unatajwa mbali na kiwango cha lugha. Unaweza kupata kisa cha kijana wa miaka 13 kilichoandikwa kwa lugha ya mtoto wa miaka minane, na ukikishika mkononi kinaonekana riwaya kama riwaya nyingine.

kobe_mwenye_miwani

Mama, mimi ndiye huyo mwanao, ila sasa nina miaka 20.

Kilichoniokoa ni kuvunjika mguu. Nimefungwa plasta, sina pa kwenda, simu imeisha chaji na waya uko chumba kingine. Karibu yangu kuna *Hatchet* ya Gary Paulsen, ya mwaka 1987, dada yangu aliisahau hapo. Brian ana miaka 13, yuko kwenye ndege ndogo, yeye na rubani peke yao. Rubani anapatwa na mshtuko wa moyo wakiwa angani, juu ya msitu. Hiyo ni mapema kabisa, sikuwahi hata kuanza kuchoka! Akishaanguka huko chini hana kitu cha maana isipokuwa shoka dogo alilopewa na mama yake. Sentensi ni fupi fupi, na Paulsen hurudia maneno jinsi mtu anavyorudia akiongea peke yake. Dada aliporudi kukidai nilikikalia.

Cha pili ni *Long Way Down* ya Jason Reynolds, 2017. Will ana miaka 15, kaka yake amepigwa risasi, yeye anachukua bastola anaingia kwenye lifti akalipize kisasi. Kisa karibu chote ni safari hiyo ya lifti, muda wa dakika moja hivi, na kila ghorofa inaposimama anaingia mtu ambaye hakupaswa kuwepo. Imeandikwa kwa mashairi huru, kwa hiyo ukurasa una mistari michache, na kwingine maneno mawili matatu basi. Kitabu ni kinene lakini unakimaliza jioni moja. Usicheke, ila mimi nilitembea nacho mkononi siku mbili baada ya kukimaliza ili watu waone unene wake. Kisome wewe kwanza lakini, kina mauaji na huzuni nzito.

Ombi moja tu. Akimaliza usimuulize "umejifunza nini?" Hilo swali ndilo lililonifanya nichukie vitabu tangu nikiwa na miaka tisa.

Mzee_wa_Hoja

Mtanisamehe, lakini naona tunawadekeza. Sisi tulipewa kitabu tukaambiwa soma, tukasoma. Akizoea vilivyotafunwa tayari, vigumu atavitafuna lini? Leo mashairi ya maneno mawili kwa ukurasa, kesho mtasema asikilize tu asisome kabisa.

Mkutubi_Mstaafu

Mzee wangu, waliopewa kitabu wakasoma ndio hao unaozungumza nao hapa. Walioacha hawapo kwenye jukwaa la vitabu, ndiyo maana huwasikii.

Hata kusikiliza mimi sikukatazi. Nilikuwa nawapa kitabu pamoja na sauti yake, masikio yanasikia huku macho yanafuata mistari. Wale waliokuwa wanakwama kila neno la tatu, hiyo iliwabeba mpaka kisa kikachanganya, na kuna waliozima sauti wenyewe kwa sababu msomaji alikuwa anawachelewesha.

Daniel Pennac wa Ufaransa, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa maarufu kwa riwaya, mwaka 1992 aliandika haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma. Ya pili ni kuruka kurasa, ya tatu ni kutomaliza kitabu. Niliziandika kwa kalamu nene nikazibandika mlangoni mwa maktaba. Mwalimu mmoja akazibandua. Nikabandika tena. Akabandua tena. Mara ya tatu nilizibandika kwa ndani, mahali ambapo yeye hakuwahi kufika.

Bint_Riwaya

Mbona Kiswahili mmekiacha njiani? Mpe *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Bwana Msa mpelelezi na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni anashangaa, na maiti ambayo kila mtu ana maelezo yake kuhusu ilivyofikia hapo. Kijana anayependa michezo ya mafumbo kwenye kompyuta atamwelewa Bwana Msa haraka, kwa sababu ni kutafuta dalili na kuzipanga.

Ila nisikudanganye, mtihani wa vidole kitabu hakipiti. Kiswahili chake ni kitamu lakini cha zamani, kuna maneno ambayo hata mimi nilimuuliza bibi yangu. Kwa hiyo usimwachie peke yake. Msomee sura ya kwanza kwa sauti, na usimalize. Simama pabaya. Sisi tulisomewa hivyo, na yule aliyekuwa anatusomea alikuwa na ukatili wa kufunga kitabu mtu akiwa bado ananyanyua mkono kubisha hodi.

Mama_wa_Mmoja

Nimerudi na matokeo, wiki tatu baadaye.

Hila ya miwani ilifanya kazi, ingawa alinitazama kwa mashaka kwa sababu ilikuwa kichwani kwangu. Hakupoteza mstari hata mmoja. Lakini ile sauti ya risiti, Mkutubi, ulikuwa kama upo nasi sebuleni.

Kobe, samahani, shoka halikumshika. Alifika kama ukurasa wa 30, akasema huyu mtu anawaza sana, akakiweka chini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikakumbuka ile haki ya tatu, nikaufunga. Mzee wa Hoja angeniona siku hiyo angelia. Cha lifti nimekisoma mimi kwanza kama ulivyoniagiza, na nimekificha kidogo mpaka niamue. Nililia nacho jikoni, nikamwambia ni vitunguu.

Kisha Bwana Msa. Nilikaa kwenye kiti naanza kusoma kwa sauti, yeye kalala sakafuni na simu yake, hanitazami. Sikumwambia asikilize. Nikifika kwenye neno nisilolijua nasema tu "hili silijui" naendelea. Mara ya tatu nikasikia kutoka sakafuni, "Si ungeangalia kwenye kamusi." Akaliangalia yeye, kwenye simu ileile. Tukaendelea hivyo, mimi nasoma, yeye ndiye kamusi.

Kusimama pabaya sikuhitaji kupanga, maana sauti yenyewe ilikauka. Nikaenda kunywa maji, nikapigiwa simu, nikakaa huko kama robo saa. Nikarudi kitabu hakipo kwenye kiti. Kilikuwa sakafuni, kimefunguliwa, yeye kalala kifudifudi juu yake. Simu iko pembeni, uso chini. Nikapita zangu taratibu kama mtu aliyeona ndege dirishani.

Sasa tunakisoma wote wawili, nakala moja. Karatasi yake ya daftari ndiyo alama yake, yangu ni uzi mwekundu. Jana karatasi ilikuwa imeuacha uzi kama kurasa arobaini, na baadhi najua kaziruka, kwa sababu nilimtajia jina la mtu fulani akaniuliza ni nani huyo. Anasema muuaji ameshamjua. Nimemwambia akilitaja hilo jina ndani ya nyumba hii tutakosana. Nanyi mliokisoma, tafadhali, msiniandikie hapa chini. Bado sijafika.