Naomba ushauri: takwimu za watoto tunazo, tuzitumieje?
Wakuu, salaam. Naratibu huduma za watoto wa chini ya miaka 3 wenye ulemavu au wanaochelewa kukua. Fomu tunajaza, ripoti zinapelekwa juu, basi, hakuna anayezirudia. Nataka ziongoze kazi yetu.

Nimeanza na muda kati ya mtoto kupewa rufaa na familia kuketi nasi kupanga huduma. Marekani kanuni zinataka usizidi siku 45. Kwetu wastani unapendeza, ila ukiwaangalia peke yao watoto wanaoishi mbali, mambo ni mengine kabisa. Wastani huficha mengi!

Kinachonisumbua hasa ni kupima maendeleo. Tunampima mtoto anapoingia na anapotoka: hisia na uhusiano na wenzake, kujifunza, kujihudumia. Lakini wapimaji wawili wakimwona mtoto yuleyule, alama zinapishana. Nyie mnawafundishaje hadi wakubaliane? Na kwa kundi dogo, tuseme wenye ulemavu wa kusikia tu, alama zikishuka mwaka huu nihangaike, au ni bahati tu ya uchache wao?

Halafu wazazi: mnawaonyesha alama zenyewe au mnawaeleza kwa mdomo? Mimi naona ni haki yao, wenzangu wanahofia kuwavunja moyo.