Rezista au kontrola kwenye kigari cha gofu: kipi kinatunza chaji?

Pedali36: Wakuu, habarini. Nimeona vigari viwili vya gofu vilivyotumika. Kimoja kinapunguza mwendo kwa rezista (koili za waya zinazozuia umeme), kingine kina kontrola ya elektroniki na ni ghali zaidi. Nimeambiwa rezista inakula betri. Ni kweli, au ni maneno ya wauzaji? Nataka kuamua wiki hii.

FundiWaya: Volti ngapi? Betri zina hali gani? Kuna mlima? Utakwenda mbio au polepole? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

BiAmpea: Wakati tunamsubiri, hesabu ni hii. Mfumo wa volti 36, unaondoka na mzigo, mota inavuta ampea 100 lakini kwa mwendo huo inahitaji volti 12 tu. Kwenye rezista, ampea 100 hizohizo zinapita betri, koili na mota kwa mfululizo. Betri inatoa wati 3600, mota inapata 1200, na wati 2400 zinabaki kwenye koili kama joto. Kontrola inakata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Betri ikikatwa, umeme unaendelea kuzunguka kwenye mota kupitia diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Mota inapata 100 zake, betri inatoa kama 33 na kidogo cha kontrola yenyewe.

MzeeNati: Dada, hesabu yako ni ya kuondoka tu. Kanyaga pedali mpaka mwisho: rezista zote zinarukwa, mota inakutana na betri moja kwa moja, hakuna kinachopotea hapo. Kisha rezista naitengeneza kwa spana na msasa. Kontrola ikifa, unatupa.

Pedali36: Samahani kwa kuchelewa. Volti 36, betri sita za volti 6. Ni kubeba miche nyuma ya wapandaji, mwendo wa mtu anayetembea.

FundiWaya: Hiyo ndiyo kazi mbaya kuliko zote kwa rezista! Utashinda kwenye hatua za mwanzo za pedali, rezista zikiwa bado kwenye njia ya umeme, siku nzima. Niliwahi kuitiwa kigari cha kazi kama hiyo, kilikuwa kimetoka kwa fundi mwingine. Nati moja kwenye ubao wa rezista haikukazwa. Nilipofunua kiti, koili ya kwanza ilikuwa nyekundu, majani makavu yamekwama katikati yake, mbao ya karibu imegeuka mkaa, na mpira wa waya mnene umeyeyuka hadi shaba inaonekana. Harufu ilikuwa inasikika kabla sijafika. Na betri za risasi zikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Tangu hapo, kabla ya kugusa chochote kingine, napitisha mkono kwenye kila nati.

KijanaLithiamu: Weka betri za lithiamu, mjadala umekwisha.

BiAmpea: Haujaisha, mdogo wangu. Lithiamu haiondoi joto la koili. Ila kweli betri ya risasi inaumia zaidi: ukiivuta ampea kubwa, inakupa chaji kidogo kuliko iliyoandikiwa. Kwa hiyo rezista inamwibia mara mbili.

MzeeNati: Kinachoua betri ni maji kupungua, si rezista. Watu wanajaza kabla ya kuchaji, asidi inamwagika, vichwa vinaota kutu, halafu lawama kwa koili.

KijanaLithiamu: Mzee, kama sahani za risasi zilizo ndani ya betri ziko wazi, maji hayazifuniki, nisijaze kwanza?

MzeeNati: Hapo funika sahani tu, chaji, kisha malizia. Maji yaliyosafishwa, si ya bomba.

Pedali36: Na nikinunua cha rezista nikafunga kontrola mwenyewe?

FundiWaya: Inawezekana, mota ni ileile. Ila utahitaji solenoidi (swichi kubwa inayofungwa kwa umeme), fyuzi, kihisio cha pedali, na rezista ndogo ya kuchaji kapasita (vihifadhi umeme) za kontrola kabla solenoidi haijafunga. Swichi ya mbele-nyuma ya kigari hicho ikoje? Nyingi huwa zimeungua.

Pedali36: Sijaifungua. Kesho nitaitazama.

MzeeNati: Ukifika, fungua na vifuniko vya betri.