Daktari amekataa kunifanyia operesheni ya tumbo mpaka niache mkorogo, ni kweli au ananizungusha?

MamaTunu: Habari zenu wapendwa, naombeni msaada hasa mlio kwenye udaktari. Mimi ni mama wa watoto watatu na nimeshamaliza kuzaa, tumbo limebaki ngozi tupu inayoning'inia, mazoezi nimefanya kilo zimeshuka ila ile ngozi haiondoki na chini ya kitovu joto likizidi natoka fangasi. Nimejichanga na mume wangu nikaenda kwa bingwa wa upasuaji rekebishi, sukari hamna, presha iko sawa. Siku ya kunichunguza akanishika mapaja, akageuza mikono akaangalia viungo vya vidole vilivyo vyeusi, akauliza napaka nini. Nikamwambia ni losheni ya kuchanganyiwa dukani, mwili mzima, muda mrefu sasa. Hapohapo akasema operesheni haifanyiki, nianze kwa daktari wa ngozi. Sasa losheni na tumbo vinahusiana vipi??

Kibo_Boy: Pole dada. Mimi naona utafute hospitali nyingine tu, jirani yetu anajichubua miaka yote na alienda Uturuki akaongezwa makalio, amerudi yuko vizuri.

SistaWaThieta: Kibo_Boy tafadhali usimwambie hivyo. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, wamama wanaokuja kujifungua kwa operesheni tunawajua wanaotumia mkorogo hata kabla hawajasema, daktari akishona pale juu ni kama anashona karatasi iliyolowa, uzi unapita unakata ngozi, anarudia anarudia, baada ya siku chache mama anarudi kidonda kimeachia. Na hao wana mtoto mchanga wa kunyonyesha, inauma kuangalia.

DktRekebishi: MamaTunu pole, na umefanya vizuri sana kusema ukweli, wengi wanaficha mpaka tunagundua kisu kikiwa mkononi. Hii ndio kazi yangu, na huyo mwenzangu hajakuzungusha hata kidogo.

Hizo za kuchanganyiwa mara nyingi zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kama klobetasoli, wakati mwingine vyote kwa pamoja. Kwetu sisi washonaji shida kubwa ni steroidi. Klobetasoli ni kati ya dawa kali kuliko zote za kupaka, ni ya ugonjwa wa ngozi, eneo dogo, wiki mbili hivi huku daktari anakufuatilia. Ukiipaka mwili mzima muda mrefu inazuia ngozi kutengeneza kolajeni, na kolajeni ndio inayoshika uzi na kufunga kidonda. Ile michirizi mipana mapajani na mishipa inayoonekana kwa juu ndio alichokuwa anakitafuta alipokushika.

Na operesheni yenyewe sio kukata kinachoning'inia basi. Tunachana kutoka nyonga mpaka nyonga, tunainua ngozi na mafuta yake mpaka karibu na mbavu, misuli iliyoachana kwa ujauzito tunaishona irudi katikati, alafu ngozi inavutwa chini, iliyozidi inatolewa na kitovu kinatobolewa tundu jipya. Mshono mzima unabaki umekazwa. Ngozi nyembamba ikikazwa hivyo inaachia, au pale katikati juu ya kinena damu haifiki inakufa inakuwa nyeusi, hapo unasafishwa kidonda kwa miezi na kovu linakuwa baya kuliko tumbo ulilolikimbia.

Kitu kingine kinachotisha zaidi na watu hawakijui ni nusu kaputi. Steroidi ikipakwa eneo kubwa inaingia kwenye damu, tezi zilizo juu ya figo zinaona homoni ipo ya kutosha zinalala. Siku ya operesheni mwili unaihitaji homoni hiyo kwa wingi, tezi hazitoi, presha inaporomoka ukiwa mezani. Omba upimwe kotiso, ndio homoni yenyewe, damu inachukuliwa asubuhi, na daktari wa usingizi lazima ajue unapaka nini. Kwa sababu hiyohiyo usiache ghafla kivyako, kupunguza kunapangwa na daktari. Kwa ajili ya zebaki waangalie figo, na mkojo upimwe protini.

Kibo_Boy, kuongeza makalio kwa mafuta kunapitia vitundu vidogo, hakuna ngozi ya kukazwa, kwahiyo huwezi kufananisha. Na hata hiyo ina hatari yake, mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa yanakwenda moja kwa moja kwenye moyo na mapafu. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake waache kuifanya.

MamaTunu: Asante sana dokta, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Sasa naogopa kuacha maana nikikaa siku mbili bila kupaka uso unawaka moto na kuwasha. Anayeniuzia anasema nihamie kwenye dripu za kung'arisha za glutathioni, eti hizo hazigusi ngozi.

DktRekebishi: Huko kuwaka ni ngozi kuzoea steroidi, na itakuwa hivyo wiki kadhaa, kwa wengine miezi, itakuwa nyekundu, itachubuka, rangi itarudi kwa mabaka. Ni kipindi kigumu lakini kinapita ukiwa na mtu wa kukufuatilia. Michirizi haitaondoka yote, hilo sitakudanganya. Losheni ya kuzuia jua iwe ya kila siku.

Dripu usiweke. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi, na hizo dripu zinaweza kukuumiza figo wakati zako tayari tuna wasiwasi nazo.

SistaWaThieta: Kwa daktari wa ngozi, kama uko kaskazini kuna kituo cha mafunzo ya ngozi hospitali ya KCMC Moshi, kipo tangu 1992, Dar nenda kliniki ya ngozi Muhimbili. Beba hilo kopo lako hivyohivyo hata kama halina lebo. Na kama unanyonyesha sema mapema, zebaki inapita kwenye maziwa, pia mtoto anapobebwa kifuani inamgusa.

MamaTunu: Wa mwisho bado ananyonya. Jumatatu naenda naye, apimwe na yeye.

DktRekebishi: Fanya hivyo. Na kuanzia leo usipake kifuani wala mikononi unapombeba.